Msimchagulie binti chuo kwa sababu ya wavulana

Mhariri,

Vyuo vya Marekani huwa vimetoa majibu kufikia mwisho wa Machi, na tarehe 1 Mei ndiyo siku ya mwisho ya mwanafunzi kusema anakwenda wapi. Kwa hiyo wiki hizi kuna nyumba humu nchini Kenya zenye barua mbili mezani: moja ya chuo cha wanawake, kama Smith, Mount Holyoke, Bryn Mawr au Agnes Scott, na nyingine ya chuo cha mseto. Sisi ni walimu tunaowashauri wasichana walio katika njia hiyo, na tunaandika kwa sababu mabishano yanayozuka hapo mezani mara nyingi hayagusi jambo lenyewe.

Mzazi anapendelea chuo cha wanawake kwa kuwa huko mtoto "atatulia". Binti anakikataa kwa kuwa ndiyo kwanza amemaliza miaka minne ya bweni la wasichana. Amechoka na kengele ya alfajiri, amechoka na prepu na matroni, na haoni kwa nini avuke bahari kufuata yale yale. Ukiwasikiliza vizuri, wote wawili wanazungumza juu ya wavulana. Hakuna anayezungumza juu ya maabara, wala juu ya pesa za mwaka wa pili.

Tulimalize kwanza hilo la bweni. Chuo cha wanawake cha Marekani si shule ya upili iliyoongezewa miaka. Hakuna matroni, hakuna kuitwa majina usiku, hakuna kibali cha kutoka langoni. Mwanafunzi ni mtu mzima mwenye ufunguo wake, na mgeni wa kiume huingia bwenini kwa kufuata kanuni za bweni hilo. Wanaume wanafundisha humo, na katika vyuo kama Smith na Bryn Mawr wanaume pia husomea shahada za juu, kwa kuwa sharti la wanawake pekee linahusu shahada ya kwanza tu. Kwa hiyo mzazi anayetafuta ukuta hataupata, na binti anayeogopa kufungiwa hatafungiwa. (Vyuo hivi pia havifanani katika kueleza ni nani anayestahili kuomba kama mwanamke, sera ya kila kimoja imeandikwa kwenye tovuti yake ya udahili, na ni vyema ikasomwa mapema.)

Wala si kweli kwamba binti hatakaa darasa moja na wanaume. Barnard na Columbia vimetenganishwa na barabara tu jijini New York, na mwanafunzi wa Barnard husoma huku na huku, kisha hutunukiwa shahada ya Columbia. Spelman, kule Atlanta, kimepakana na Morehouse, chuo cha wanaume. Kati ya Bryn Mawr na Haverford ni mwendo wa maili moja hivi. Smith na Mount Holyoke vinashirikiana na Amherst na Chuo Kikuu cha Massachusetts, na basi la kuviunganisha halilipiwi muhula unapoendelea. Wellesley, chuo kingine cha wanawake, kina makubaliano na MIT, chuo kikuu cha teknolojia, ya kubadilishana wanafunzi wa kozi mojamoja.

Makubaliano haya yana mipaka ambayo vipeperushi havisemi. Kozi ikijaa, wanafunzi wa chuo chenyewe ndio hutangulizwa. Safari ya Wellesley hadi MIT hukaribia saa nzima barabara ikisongamana, na mwenye kipindi Smith asubuhi na kingine Amherst muda mfupi baadaye atachelewa kila wiki theluji inapoanza. Msichana ambaye somo lake kuu lote linategemea kozi za chuo jirani amechagua chuo kisicho na somo lake. Afungue orodha ya kozi za miaka miwili iliyopita, ahesabu ni kozi ngapi za somo lake zimefundishwa hapo hapo chuoni, na zilifundishwa kila mwaka au mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana.

Kinachotofautisha kweli aina hizi mbili za vyuo ni nani anayeshika chombo. Chukueni kikundi cha watu wanne katika maabara ya fizikia ya mwaka wa kwanza: saketi moja, multimita moja (kifaa cha kupimia umeme), daftari moja. Wakiwa wavulana watatu na msichana mmoja, mara nyingi daftari humwendea msichana, kwa kuwa "mwandiko wake ni mzuri". Muhula ukiisha ana ripoti safi kuliko wenzake, na hajakaza waya hata mmoja. Hakuna aliyemnyima, na pengine hakuna aliyegundua. Katika chuo cha wanawake lazima mwanamke aishike multimita, maana hakuna mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa kazi ya usaidizi wa maabara, uenyekiti wa chama cha wanafunzi na nafasi ya kufanya utafiti na profesa likizo ya kiangazi. Nafasi zote hizo humwangukia mwanamke fulani, na vyuo vidogo vina nyingi kwa kila mwanafunzi.

Lakini faida hiyo haiwi sawa kwa kila msichana. Aliyetoka shule ya kitaifa ya wasichana ameshashika bisibisi, ameshakuwa kiranja, ameshasimama mbele ya shule nzima akazungumza. Aliyetoka shule ya kutwa ya mseto, ambako wasichana wa fizikia kidato cha nne walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ndiye kwa maoni yetu anayefaidika zaidi na chuo cha wanawake. Na hapa familia nyingi hugeuza mambo: yule wa kwanza ndiye anayesukumwa huko ili aendelee kulindwa, na huyu wa pili anaambiwa mseto ameuzoea, abaki nao.

Wangari Maathai alipita njia hii hii. Alitoka Loreto Limuru, shule ya wasichana, na Septemba 1960 akapanda ndege pamoja na wenzake waliopata nafasi kupitia mpango wa kupeleka wanafunzi Marekani alioupigania mwanasiasa Tom Mboya. Aliingia Mount St. Scholastica, chuo cha wanawake cha masista wa Kibenedikti huko Atchison, Kansas, akahitimu biolojia mwaka 1964. Shahada ya pili aliichukua mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambacho ni cha mseto. Wanaomtaja kama ushahidi wa upande mmoja wanasahau nusu ya safari yake.

Vyuo vya wanawake navyo huja na orodha ndefu za wahitimu mashuhuri. Zipokeeni kwa hadhari. Katika miaka ya 1970 mtafiti M. Elizabeth Tidball alihesabu wanawake waliofanikiwa Marekani na kuona kwamba wahitimu wa vyuo vya wanawake walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa kwa idadi yao. Wakosoaji wakajibu kwamba vyuo vile vyenye sifa kubwa vilikuwa vikipokea mabinti wa familia tajiri na zilizosoma, ambao wangefika mbali kupitia mlango wowote. Ubishi huo unaendelea. Upande wa mseto pia una takwimu zake za kupumbaza. Mkiambiwa "asilimia 55 ya wanafunzi wetu ni wanawake", hamjaambiwa kitu, kwa sababu wanawake ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza Marekani nzima, ilhali katika sayansi ya kompyuta ni kama mmoja kati ya watano. Ulizeni idadi ya idara: mwaka jana waliohitimu kompyuta, au fizikia, au uchumi, walikuwa wangapi, na wanawake wangapi?

Sasa pesa, na hapa tunaomba msomaji awe na kalamu. Gharama kamili ya mwaka mmoja katika vyuo vingi vya daraja hili imepita dola 80,000. Tukichukua 85,000 kwa shilingi 130 kila dola, ni zaidi ya shilingi milioni 11, na shahada ni ya miaka minne.

Barua ya fedha ina mafungu manne ambayo lazima yatenganishwe: karo na ada, chumba na chakula, ruzuku ya chuo, ambayo hairudishwi, na kiasi cha kazi ya chuoni. Tuseme, kwa mfano, chuo cha wanawake kimeandika gharama ya dola 88,000: karo na ada 66,000, chumba na chakula 20,000, matumizi mengine 2,000. Ruzuku ni 80,500, kazi ya chuoni 2,800, mchango wa familia 4,700. Chuo cha mseto kimeandika gharama ya 72,000, na kimempa binti tuzo ya ufaulu ya dola 40,000 kila mwaka. Tuzo hiyo ina jina refu na barua yake ina muhuri wa kung'aa, na majirani wameshaalikwa chai. Lakini 72,000 ukitoa 40,000 inabaki 32,000, yaani shilingi milioni 4.16 kila mwaka. Harambee inaweza kuleta mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu watu wameshachanga, wana watoto wao, na hapo ndipo hati ya shamba inapotolewa kabatini, au mtoto anarudi nyumbani na nusu ya shahada. Tena bila kuonyesha pesa za mwaka wa kwanza chuo hakitoi fomu ya I-20, hati ambayo mwanafunzi wa kigeni huombea viza, na bila I-20 hakuna viza.

Barua ile ya chuo cha wanawake nayo ina mitego miwili. Zile dola 2,800 za kazi ya chuoni hazijalipwa na mtu yeyote. Ni mshahara atakaoupata binti kidogo kidogo akifanya kazi saa 8 hadi 10 kwa wiki maktabani au jikoni (viza ya mwanafunzi, F-1, humruhusu hadi saa 20 muhula unapoendelea). Bili ya Agosti hufika kabla ya mshahara wa kwanza, kwa hiyo familia iliyodhani inadaiwa 4,700 tu hujikuta ikiulizwa zaidi.

Mtego wa pili ni kodi. Ruzuku inayolipia karo na ada za lazima haitozwi kodi. Ile inayozidi hapo na kulipia chumba na chakula hukatwa asilimia 14 kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia. Katika mfano wetu, 80,500 ukitoa 66,000 ni 14,500, na asilimia 14 yake ni dola 2,030, zaidi ya shilingi 260,000. Kuna vyuo vinavyomlipia mwanafunzi, na kuna vinavyoiandika kwenye bili yake katikati ya muhula. Akijaza fomu ya kodi mwaka unaofuata, sehemu yake huweza kurudi, ila kwanza imeshatoka. Kodi hii ni ya vyuo vyote, vya wanawake na vya mseto. Inauma zaidi penye ruzuku kubwa. Ongezeni swali la bima ya afya, ambayo ni ya lazima na ya gharama: imo ndani ya ile jumla au iko nje? Na mabweni hufungwa Desemba au mtoto anaweza kubaki bila kulipa?

Pengo likiwa dogo, chuo huweza kuombwa kiangalie upya. Barua iwe ya ukurasa mmoja, iwe na sababu mpya (mzazi ameachishwa kazi, bonasi ya chai imeshuka) na ushahidi wake: risiti za kiwanda, taarifa ya benki au ya M-Pesa. Barua ya kulia tu haijibiwi kwa pesa. Amana ya kushikilia nafasi pia huweza kusamehewa ukiomba kwa maandishi. Ila msilipe amana vyuo viwili ili kununua muda, maana vyuo vikigundua vinaweza kuondoa nafasi zote mbili.

Kwa watakaoomba mwaka ujao, tofauti ya vyuo hivi huanza mapema zaidi. Vyuo vichache vinavyodahili mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, vyote ni vya mseto, na ushindani wake unajulikana. Wellesley, Smith, Mount Holyoke na Bryn Mawr huangalia uwezo huo wakati wa kudahili, lakini vikishamkubali mwanafunzi aliyeomba msaada hufidia pengo lote kwa hesabu yao. Nafasi ni chache, ikipatikana, imelipiwa. Smith na Wellesley havitozi ada ya kuomba, na chuo kikiitisha fomu ya kulipia ya CSS Profile, inayoeleza mapato na mali ya familia, inafaa kuandikia ofisi ya fedha kuomba msamaha wa ada hiyo. Kosa baya kuliko yote ni kuandika "hatuhitaji msaada" ili kuongeza bahati ya kukubaliwa, kwa matumaini ya kuomba mwaka wa pili. Vyuo vingi vya aina hii havimpi mwanafunzi wa kigeni msaada baadaye kama hakuuomba alipoingia.

Kuhusu uhandisi, Smith ndicho chuo cha wanawake cha kwanza Marekani kuwa na shahada yake chenyewe ya uhandisi, na kundi la kwanza lilihitimu mwaka 2004. Vingine hutoa mpango wa miaka mitatu hapo na miwili katika chuo kikuu cha uhandisi, kama Spelman na Georgia Tech. Kwenye karatasi unapendeza, shahada mbili kwa miaka mitano. Tatizo ni kwamba ruzuku ya chuo cha kwanza haimfuati mwanafunzi kwenda cha pili, na hiyo miaka miwili ya mwisho ndiyo hukosa mlipaji. Msichana anayetaka uhandisi na hana pesa za kujilipia achague chuo chenye uhandisi wake, kiwe cha wanawake au cha mseto.

Udaktari tuuseme waziwazi: hakuna chuo kati ya hivi kitakachomfanya mtoto daktari kwa miaka minne. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za udaktari hazipokei wageni. Aliyepata nafasi ya udaktari Nairobi, Moi au Maseno kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo nchini, na anataka kuwa daktari ana sababu nzuri ya kubaki.

Mwisho, uhai wa chuo chenyewe. Katika miaka ya 1960 vyuo vya wanawake Marekani vilizidi 200. Leo ni kama 30. Vassar kilianza kupokea wanaume mwaka 1969. Kile cha Wangari Maathai kiliungana na jirani yake wa wanaume mwaka 1971. Mills, cha Oakland, California, kilichoanzishwa mwaka 1852, kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Northeastern mwaka 2022 na hakipo tena kama chuo cha wanawake. Sweet Briar, cha Virginia, kilitangaza Machi 2015 kwamba kingefungwa Agosti ile ile. Wahitimu wake wakachanga pesa, kesi zikaenda mahakamani, kikaokolewa. Vyuo vidogo vya mseto hufungwa pia. Chuo kikifungwa, mwanafunzi wa kigeni hulazimika kuhamisha I-20 yake haraka kwenda chuo kingine, na ruzuku haihami naye. Angalieni idadi ya wanafunzi wapya kwa miaka mitano iliyopita na ukubwa wa hazina ya chuo. Wellesley na Smith vina hazina inayozidi dola bilioni 2 kila kimoja, kwa hiyo havitikisiki kirahisi. Chuo ambacho wanafunzi wapya wamepungua kila mwaka na ambacho kimeanza kufuta idara kinahitaji maswali zaidi, hata kama barua yake ndiyo iliyoandikwa kwa upendo zaidi.

Kwa hiyo kabla ya amana, binti mwenyewe, si mjomba wala mwalimu, aandike barua pepe tatu kwa kila chuo. Ya kwanza iende ofisi ya fedha: ruzuku hii itapanda karo ikipanda? Kodi ya asilimia 14 analipa nani? Ya pili iende kwa mkuu wa idara: wahitimu wa mwaka jana wangapi, wanawake wangapi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kupata kazi ya maabara? Ya tatu iende ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kuomba kuunganishwa na msichana mmoja kutoka Afrika Mashariki aliye mwaka wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya kufika. Wa mwaka wa tatu ameshaziona bili. Ofisi hiyo hiyo itaeleza hali ya viza, ambayo kanuni zake zimekuwa zikibadilika ghafla na hazifanani kwa kila nchi ya ukanda huu, pamoja na ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ambayo hulipwa kabla ya mahojiano ubalozini.

Barua pepe isipojibiwa kwa siku tatu, pigeni simu. Saa tatu asubuhi Massachusetts au New York, ofisi zinapofunguliwa, huwa saa kumi jioni Nairobi majira haya, na simu ya saa kumi na robo hupokelewa kabla foleni haijajaa.

Walimu washauri wa wanafunzi,
Eldoret